Damu yangu ilikuwa na kingamwili kabla ya chanjo ya korona. Je, mimi ndiye niliyemwambukiza baba?

BARUA

Kwako mshauri,

Mimi ni muuguzi katika hospitali moja ya umma hapa Nairobi, wodi ya wanaume. Nina mume na watoto wawili, tunaishi Umoja. Tafadhali usichapishe jina langu wala la hospitali.

Baba alifariki kwa korona Novemba 2020. Alikuwa muuzaji wa viatu vya mitumba Gikomba, yeye na ndugu yake mdogo, meza kwa meza, tangu sisi tukiwa watoto wadogo. Wakati huo baba, mama na mdogo wetu wa mwisho walikaa nyumba ya pili kwenye ploti hii hii, milango inatazamana. Alianza na kikohozi na uchovu, tukasema ni baridi ya asubuhi sokoni. Mimi ndiye niliyemhudumia. Nilimfukiza, nikampikia uji, nikamwogesha aliposhindwa kusimama, na kila nikitoka zamu nilimpima oksijeni kwa kile kifaa cha kidoleni nilichoazimwa na mwenzangu. Iliposhuka tulimkimbiza hospitali. Hakurudi. Tulimzika nyumbani magharibi, haraka haraka, watu wachache, waliobeba jeneza wamevaa yale mavazi meupe. Mama hakuruhusiwa hata kumtazama.

Tangu siku hiyo mama ana neno moja: baba mdogo ndiye aliyeleta ugonjwa. Ni kweli baba mdogo alikohoa kabla ya baba, na ni kweli hakufunga meza yake, akaendelea kuuza. Yeye alipona bila hata kulazwa. Mama hajamsemesha hadi leo. Akipiga simu, mama anaiacha inalia.

Sasa nikueleze kuhusu karatasi ya majibu ya damu yangu. Machi 2021 chanjo ya AstraZeneca ilipofika, sisi wahudumu wa afya tulitangulizwa. Kazini kulikuwa na watafiti waliokuwa wakiomba wenye hiari watoe damu kabla ya sindano na tena baada ya wiki kadhaa. Nikajitolea. Sindano ile ya kwanza ilinilaza chini: homa, kutetemeka, kichwa kinapasuka. Rafiki yangu tunayepiga naye zamu aliumwa bega tu, akanicheka kwamba mimi ni mayai.

Matokeo yalipotoka kicheko kiligeuka. Damu yake kabla ya chanjo haikuwa na kitu, na baada ya dozi ya kwanza kingamwili, zile askari za damu zinazopambana na kirusi, zilikuwa kidogo hivi, hata akauliza kama alidungwa maji. Yangu, kabla ya sindano, ilikuwa tayari na kingamwili, za S na za N, sehemu mbili tofauti za kirusi. Baada ya sindano zile za S zilifika maelfu. Yule kijana wa utafiti akatabasamu: "Sista, mwili wako ulikuwa umeshakutana nayo." Wenzangu wakanibandika jina la Chuma, na wengine bado wananiita hivyo.

Mimi sikuona cha kuchekea. Sikuwahi kuugua, sikupoteza harufu wala ladha. Kumbe nilikuwa nayo bila kujua, nikapanda nayo matatu, nikaingia nayo kwa baba. Na ile namba, mshauri! Sisi wauguzi tukichanjwa homa ya ini aina ya B tunapimwa baadaye, ukifikisha 10 umekingika, chini ya hapo unarudia. Tumezoea kusoma namba. Niliposoma maelfu nilielewa kwamba virusi vilikuwa vimejaa mwilini mwangu, na kwamba mzee alivipata vingi.

Nikaikunja karatasi ile, nikaitia kwenye faili la vyeti. Dozi ya pili niliichukua kwa kuwa wakubwa walisisitiza. Zile za nyongeza zilipokuja nilizikataa. Nilisema kinga yangu inatosha, si wanisema Chuma? Lakini moyoni sababu ni nyingine. Naona kinga hii nililipia kwa baba, na sitaki kuongezewa juu yake.

Mwezi uliopita mdogo wangu alikuwa akitafuta cheti chake cha kuzaliwa kwenye faili hilo. Wakati baba anafariki alikuwa Kidato cha Nne, shule ya kutwa. Sasa anasomea maabara KMTC, chuo cha mafunzo ya afya. Alikaa kwenye kochi akaisoma karatasi polepole, juu hadi chini. Akauliza, "Dada, hii damu ilitolewa kabla ya sindano?" Kisha akasema, kama anayejisemea, "Hii N haitoki kwenye chanjo." Nilimwambia tutaongea. Hatujaongea. Ananiangalia mezani.

Na Desemba tunataka kufanya ibada ya ukumbusho na kujengea kaburi, kwa sababu mazishi yale hayakuwa mazishi. Kaka mkubwa anataka baba mdogo aje. Mama amesema baba mdogo akikanyaga pale, yeye haendi. Kaka ananipigia kila siku: wewe ndiye mtu wa hospitali, mweleze mama. Nitamweleza nini? Mama siku hizi analala nyumbani kwangu. Mimi ndiye ninayempimia presha na kumpa dawa. Nikimwambia ukweli, atakula tena chakula changu? Nisipomwambia, baba mdogo ataendelea kubeba mzigo ambao karatasi yake iko kwangu.

Nifanye nini?

Muuguzi, Umoja


JIBU

Sista,

Pole. Najua pole hii imechelewa, na ninashuku kwamba ulipofiwa wengi hawakukupa pole ya mfiwa. Walikupa maswali, kwa kuwa wewe ndiye "mtu wa hospitali". Hata leo kaka yako anakupigia kwa cheo hicho.

Umeniuliza kama umwambie mama. Niliposoma barua yako mara ya pili niliona kuna swali lililotangulia hilo, na wewe ulilipita mbio: ukweli wenyewe utakaomwambia ni upi? Umekwisha kuamua kwamba karatasi ile inasema ulimwambukiza baba. Mimi si daktari, lakini mambo haya nimeyasoma na kuwauliza wanaoyafanyia kazi, na ningependa tuisome upya pamoja, mstari kwa mstari, kabla haijafika kwa mtu mwingine yeyote.

Kwanza, sitakudanganya ili ulale vizuri. Mdogo wako ameisoma sawasawa. Chanjo ya AstraZeneca huufundisha mwili kuitambua protini moja tu, ile S, miiba iliyo juu ya kirusi. N iko ndani ya kirusi chenyewe, na mwili huijua kwa kukutana na kirusi kizima. Ungekuwa umechanjwa Sinopharm, ambayo ni kirusi kizima kilichouawa, tungeweza kubishana. Lakini ulidungwa AstraZeneca, tena damu ilitolewa kabla ya sindano. Kwa hiyo, ndiyo, ulikuwa umeambukizwa wakati fulani.

Ni hapo kwenye "wakati fulani" ndipo nakuomba usimame kidogo. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Damu yako ilitolewa Machi 2021. Kati ya tarehe hizo mbili kuna takriban mwaka mzima, na kipimo kile hakina kalenda. Kingamwili za N hupungua miezi inavyokwenda, kwa hiyo huenda haikuwa mwanzo kabisa wa mwaka ule, lakini hata hivyo dirisha linabaki pana sana. Huenda uliambukizwa Agosti, ukapona bila kujua na usiwe na cha kumwambukiza mtu baba alipoanza kukohoa. Huenda ni Oktoba, kama unavyoogopa. Huenda ni Januari au Februari, wakati baba alikuwa ameshazikwa na wewe umerudi wodini na huzuni yako.

Na kuna njia nyingine ambayo barua yako imeieleza kwa kirefu bila kuiona. Umeniandikia kwamba ulimfukiza, ukamwogesha, ukampima oksijeni kila ulipotoka zamu. Sista, ungekuwa ni mgonjwa wa wodini kwako, na binti yake aliyemuuguza hivyo akapatikana na kingamwili miezi minne baadaye, ungesema nani alimpa nani? Inawezekana kabisa kwamba ni baba aliyekuambukiza wewe. Mwili wako ukavishinda virusi kimya kimya, wa kwake ukashindwa. Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Nasema karatasi ile ingesoma vilevile, neno kwa neno, katika hali zote hizi.

Kuhusu ile namba iliyokutisha. Hapa nadhani umeteseka bure, na umeteswa na ujuzi wako mwenyewe. Kwa homa ya ini aina ya B wataalamu walikubaliana kiwango, na 10 ni 10. Kwa korona hakuna namba ya namna hiyo iliyokubaliwa. Mei 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaonya watu wasitumie vipimo vya kingamwili kujua kama wamekingika baada ya chanjo. Tena, namba yako ya maelfu haikupimwa ulipokuwa na virusi. Ilipimwa wiki kadhaa baada ya sindano. Inaeleza jinsi mwili ulivyoipokea chanjo. Haielezi ulibeba virusi kiasi gani, wala ulimpa nani.

Yaliyokutokea wewe na rafiki yako yalitokea kwa wahudumu wa afya sehemu nyingi duniani miezi ile ile. Watafiti wa New York, wakiangalia chanjo za Pfizer na Moderna, waliandika Machi 2021 kwamba baada ya dozi ya kwanza, waliokuwa na kingamwili tangu mwanzo walikuwa na kiwango cha mara 10 hadi 45 ya wale ambao hawakuwahi kuambukizwa, na walilalamika zaidi kuhusu homa, baridi na uchovu. Los Angeles, miongoni mwa wafanyakazi wa hospitali, dozi moja kwa aliyewahi kuambukizwa ilifanana na dozi mbili kwa ambaye hakuwahi. Hata Ufaransa, Februari 2021, ilipendekeza waliokwisha kupona wapewe dozi moja tu. Afrika Kusini waliona mambo kama hayo kwa wahudumu wa afya waliodungwa Johnson & Johnson. Kwa hiyo si kwamba wewe ni chuma na rafiki yako alidungwa maji. Mwili uliokwisha kukutana na kirusi ni kama fundi cherehani aliyewahi kukushonea: vipimo vyako viko daftarini, ukirudi anakata kitambaa papo hapo. Rafiki yako alikuwa bado anapimwa mabega. Na fundi anaweza kuwa mwepesi hivyo hata kama nguo ya mwanzo ilikuwa leso tu, si koti. Wewe ulikuwa na maambukizi mepesi, hata hukuyahisi. Hakuna popote kwenye karatasi ile panaposema "vilijaa".

Nikupe na hili la mji wetu. Kati ya Julai na Desemba 2020 watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wenzao waliwapima wahudumu wa afya katika hospitali za Nairobi, Busia na Kilifi. Busia waliokuwa na kingamwili walikuwa asilimia 12.6, Kilifi 11.5. Nairobi, katika hospitali kuu ya rufaa, walikuwa asilimia 43.8. Karibu nusu ya watu! Wengi walikuwa kama wewe, wanapiga zamu, wanarudi kwao Kayole, Kawangware, Rongai, na hakuna aliyewaambia kitu. Na usidhani virusi vilikaa hospitalini vikikungoja wewe uvibebe. Uchunguzi uliofanywa kwenye nyumba za Nairobi mwezi ule ule baba aliofariki, Novemba 2020, ulikuta kama mtu mmoja kati ya kila watatu ameshaambukizwa. Baba yako alikuwa Gikomba kila siku. Alishika noti na viatu vya watu wangapi, alipanda matatu ngapi, alikaa kanisani karibu na nani? Mama anamjua mtu mmoja aliyekohoa. Wewe unamjua mmoja ambaye hakukohoa. Kati yenu mmemgawia mzee watuhumiwa wawili katika mji ambao theluthi ya watu walikuwa wamepitiwa.

(Nikitoka nje kidogo ya mada: bado sijaona nchi hii ikikaa chini na wahudumu wake wa afya kuzungumza kuhusu mwaka ule. Desemba 2020 alifariki Dkt Stephen Mogusu, kijana wa miaka 28 aliyekuwa akiwahudumia wagonjwa wa korona, huku mishahara yake ya miezi haijalipwa. Wauguzi waligoma mwezi huo, madaktari wakafuata. Watu walizungumza kuhusu mgomo. Kuhusu hofu ya muuguzi anayefungua mlango wa nyumbani akijiuliza ameleta nini, sikusikia mtu.)

Hata hivyo, tuseme jambo gumu. Inawezekana ni wewe. Siwezi kuliondoa hilo, na mtu yeyote atakayekuapia kwamba si wewe anakufariji tu. Ninachokuuliza ni hiki: kama ingekuwa ni wewe, ungekuwa umefanya nini kibaya? Hukuwa na dalili. Chanjo haikuwapo nchini. Ulikwenda kazini kwa sababu wagonjwa walikuwapo, ukarudi nyumbani kwa sababu ndipo kwenu. Kirusi kupita kwako ni jambo moja, na wewe kuwa na hatia ni jambo jingine. Sidhani mtu amewahi kukutenganishia haya mawili, na bila shaka hakuna aliyemtenganishia mama kuhusu baba mdogo.

Tukija kwa mama. Umeandika kwamba neno lake ni kuwa baba mdogo ndiye aliyeleta ugonjwa. Nimejiuliza kama kweli hasira yake ni ya kirusi. Shemeji yake aliacha meza wazi akiendelea kuuza, na yeye akapona. Mumewe akazikwa na watu waliofunikwa nyuso, naye hakumwona. Mtu aliyenyimwa kumuaga mumewe huhitaji mahali pa kuiweka hasira ile, na baba mdogo alikuwa karibu. Kama ni hivyo, ukimpelekea karatasi unampa jibu la swali ambalo huenda halimsumbui. Anaweza kuihamisha hasira yote kwako, ndiyo hofu yako. Anaweza pia kutokuamini, akadhani unajitoa sadaka ili kumtetea baba mdogo. Mama wa namna hiyo nimewahi kuwasikia. Au anaweza kukushangaza. Wewe ndiye unayemjua. Mimi nimemwona kwenye karatasi tu, tena kupitia macho yako yenye hofu.

Ukiamua kumwambia, chunga sentensi ya kwanza. "Mama, mimi ndiye niliyemwambukiza baba" si ukweli unaoujua. Unachokijua ni kwamba wewe pia ulikuwa umeambukizwa mwaka ule, hujui lini, na hakuna daktari anayeweza kusema nani alimpa baba. Sentensi hiyo ina uzito mwingine. Inamtoa baba mdogo kizimbani bila kukuingiza wewe. Ila ina hatari yake pia: inamwachia mama kifo kisicho na wa kulaumiwa, na kuna watu ambao hilo huwaumiza zaidi kuliko kuwa na adui. Asisikie hayo kwa mara ya kwanza wiki ya ibada, nyumba imejaa wageni na presha yake iko juu.

Unaweza pia usimwambie kuhusu karatasi kabisa, ukamzungumzia baba mdogo peke yake: kwamba Nairobi ya Novemba 2020 ugonjwa ulikuwa kila mahali, kwamba hakuna anayeweza kumfuata kirusi nyuma hadi kwa mtu mmoja. Hayo ni kweli hata bila damu yako. Wengine wataita huo uoga. Mimi siuiti hivyo, lakini nakuonya kuhusu jambo moja: siri yako haiko peke yako tena. Mdogo wako ameiona. Mama akija kuipata kwa mdomo mwingine, atakachokumbuka ni kwamba ulimtetea baba mdogo huku umeficha karatasi, na hapo itakuwa kazi kumweleza habari za S na N.

Baba mdogo naye hukumtaja kama mtu unayeweza kuzungumza naye. Kwa nini? Ndiye aliyebeba lawama. Huenda yeye mwenyewe anaamini kwamba alimuua ndugu yake. Kumpigia simu kabla ya Desemba, hata kumwambia tu kwamba wewe humlaumu, hakuhitaji ruhusa ya mama, ingawa mama akisikia anaweza kuona umemgeuka. Kaka mkubwa ningemweka nyuma kidogo. Anataka shughuli ifanyike, na mtu mwenye haraka akipewa silaha kama hiyo huitumia mezani mbele ya watu.

Kwako wewe binafsi, tafuta mtu wa kukusikiliza ambaye si ndugu. Hospitali nyingi zina mshauri nasaha, lakini najua siri za kazini huishia kwenye chumba cha chai, kwa hiyo ukiona vyema nenda kwingine. Na kama watafiti wale bado wanapatikana, waombe mtu akae nawe akueleze matokeo yako kwa utulivu. Ulitoa damu yako, una haki ya maelezo zaidi ya tabasamu na "mwili wako umeshakutana nayo".

Zile sindano ulizozikataa nilitaka kuzipita, lakini zimenikaa rohoni. Namba ya 2021 si namba ya leo. Kingamwili hushuka kwa kila mtu, hata kwa anayeitwa Chuma, na kirusi chenyewe kimebadilika tangu wakati huo. Shirika la Afya Duniani, lilipopanga upya makundi mwaka 2023, liliwaacha wahudumu wa afya walio mstari wa mbele kwenye kundi la kipaumbele. Nyumbani una mzee mwenye presha. Inawezekana daktari wako, akijua umeambukizwa na kuchanjwa, aseme huhitaji kitu kwa sasa, na hilo litakuwa jibu halali. Lakini mpe nafasi ya kulijibu kama swali la afya, kwa sababu hadi sasa umelijibu kama adhabu. Kinga yako hukuinunua, Sista. Mwili ulifanya kazi yake, kama ule wa baba ulivyojaribu kufanya.

Nimemweka mdogo wako mwisho kwa makusudi. Wewe umeyasoma macho yake ya mezani kama mashtaka. Lakini umeniandikia kwamba mwaka ule alikuwa Kidato cha Nne, shule ya kutwa, na akikaa nyumba moja na baba. Kidato cha Nne walirudishwa darasani tarehe 12 Oktoba 2020, baada ya miezi mingi ya kukaa nyumbani. Alikuwa akitoka asubuhi, anakaa na wenzake darasani siku nzima, anarudi jioni kwa baba, na wiki chache baadaye baba akaanza kukohoa. Sasa anasomea maabara, anajifunza virusi hupitaje na kwamba vijana wengi hawaonyeshi dalili. Aliposema kwamba N haitoki kwenye chanjo, ulisikia anakuhesabia wewe. Mimi sina hakika kwamba alikuwa anakufikiria wewe. Kabla hujamweleza lolote, muulize yeye amekuwa akiwaza nini tangu aisome.